Mbwa mkubwa, watoto wadogo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kumfundisha mbwa kucheza kwa upole

Maswali haya yanamhusu mbwa mwenye moyo mzuri asiyejua ukubwa wake. Mbwa mkali, anayemvizia mtu ili amuume, ni suala jingine kabisa, na swali la mwisho linaeleza la kufanya.

Mbwa wangu anawapenda watoto mno. Mbona kila akicheza nao lazima mmoja alie?

Angalia kilo kwanza. Labrador aliyekomaa ana kilo 25 hadi 36 hivi. Rottweiler dume huweza kufika 60, na Great Dane huzidi hapo. Mtoto wa miaka mitatu ana kilo kama 14. Mbwa akigeuka tu kwa furaha, kiuno chake kinamgonga mtoto kifuani na mtoto yuko chini. Hata mkia ni tatizo: kwa mbwa mrefu unapita usawa wa uso wa mtoto anayejifunza kutembea, na unachapa kwelikweli.

Halafu kuna msisimko. Mbwa wawili wakicheza huparamiana, husukumana mabega na kushikana shingo kwa meno. Kwao huo ndio mchezo wenyewe. Mbwa hajui kwamba mtoto hana manyoya wala ngozi nene ya shingo. Mtoto akipiga kelele na kukimbia, yeye anaona mchezo umenoga. Kwa hiyo humfundishi kupenda watoto, maana hilo analo tayari. Unamfundisha kushuka akishapanda, yaani kutulia katikati ya furaha, na njia ya uhakika ya kumfundisha hivyo ni kusimamisha mchezo. Kukemea hakufiki mbali.

Ana miezi kumi sasa. Si atatulia mwenyewe akikua?

Kidogo. Mbwa wa aina kubwa huchelewa kupevuka; wengi hubaki na utoto hadi miaka miwili, wengine hata mitatu, ilhali mwili umeshatimia. Katika muda wote huo kuna kitu anakirudia kila siku: ama kuparamia watu, ama kukaa chini. Anachokirudia ndicho kinachomkaa.

Nianzie wapi?

Anza bila watoto. Wengi huiruka hatua hii, halafu hushangaa kwa nini mambo hayaendi. Mbwa asiyeweza kutulia akicheza na wewe mtu mzima hatatulia akicheza na mtoto anayecheka na kukimbia huku na huku.

Chukua kitu anachopenda kuchezea. Cheza naye kwa sekunde kumi au kumi na tano, kisha simama ghafla, kimya, kitu ukikikumbatia kifuani. Atarukaruka, atabweka, atakutazama kama mtu aliyerukwa na akili. Usiseme neno. Usimsukume wala usimtazame machoni. Mara makalio yake yanapogusa chini, au hata miguu yote minne inapotulia, sema "vyema" na mchezo uanze tena papo hapo. Zawadi yake hapo ni mchezo wenyewe, huhitaji hata chakula. Rudia mara kadhaa, kisha acha angali na hamu. Baada ya siku chache utaona ukisimama tu, naye anakaa.

Hapo ndipo unapoanza kumpandisha zaidi. Kimbia kidogo kisha simama. Cheka kwa sauti nyembamba ya kitoto, kisha simama. Piga magoti, maana uso wa mtu ukishuka chini mbwa wengi huona wamekaribishwa kuparamia, kisha simama. Akishindwa mara mbili mfululizo, umeongeza haraka mno. Rudi hatua moja nyuma bila kinyongo.

Mtoto aingie baada ya hayo, na wa kwanza awe mkubwa na mtulivu kuliko wote. Mbwa awe na kamba mkononi mwa mtu mzima, ikiwa imelegea. Ikiwa anavuta sana, mkanda wa kifuani wenye pete ya kamba mbele husaidia, kwa sababu akivuta hujikuta amegeuka. Mtoto acheze kidogo, asimame, mbwa akae, waendelee. Dakika mbili tatu zinatosha mwanzoni. Afadhali waachane wote wawili wakitaka zaidi.

Anashika mikono ya watoto kwa meno. Hawaumi sana, lakini wanaogopa.

Tenganisha umri. Mtoto wa mbwa ana meno 28 ya utoto, membamba na makali. Taya lake bado ni dhaifu, na huo ndio wakati wake wa kujifunza nguvu ya mdomo. Akiwa na ndugu zake, akimbana mwenziwe kupita kiasi, mwenziwe hulia na kuacha kucheza. Ndiyo maana mbwa aliyetengwa na ndugu zake mapema mno, kabla ya wiki nane, mara nyingi huja na mdomo usio na breki. Kazi hiyo sasa ni yako. Meno yakigusa ngozi, mchezo unakufa: inuka, geuka, toka hata chumbani kwa sekunde ishirini au thelathini, kisha rudi kama hakuna kilichotokea. Ukikaa nje dakika kumi atakuwa ameshasahau kwa nini ulitoka.

Utashauriwa pia ulie "ai!" kama mtoto wa mbwa. Baadhi hushtuka na kuacha. Wengine, hasa wale wenye moto mwingi, huona umewapa sababu ya kuuma tena. Jaribu mara moja mbili uone wako ni wa kundi gani. Watoto wasipewe kazi hiyo hata kidogo. Mtoto akilia hana jinsi ya kupima sauti yake.

Angalia pia saa. Mtoto wa mbwa huhitaji usingizi wa saa 18 hadi 20 kwa siku. Ikiwa kila jioni anageuka chui, yamkini anachohitaji ni kulala, wala si zoezi jingine. Mpeleke mahali pake, mpe kitu cha kutafuna, funga mlango.

Kufikia miezi saba hivi huwa na meno yote 42 ya ukubwani, na sheria inakuwa kali zaidi: meno hayagusi ngozi ya mtu, hata kwa upole. Kumpiga mdomoni au kumbana taya hakufundishi upole. Kunamfundisha kuikwepa mikono inayomkaribia usoni, na mikono ya watoto humkaribia usoni kutwa nzima.

Watoto wakirudi nyumbani anawarukia mlangoni.

Anataka kufikia nyuso zao, ndivyo mbwa wanavyosalimiana. Ule ushauri wa zamani wa kumpiga goti kifuani uacheni. Goti la mtu mzima linaweza kumuumiza, na mtoto hana goti la kumfikia.

Kwanza zuia. Kabla mlango haujafunguliwa, mbwa awe nyuma ya geti dogo la ndani au kwenye kamba. Pili, mwagia konzi ya chakula chake kikavu sakafuni mara tu watoto wanapoingia. Kichwa kinashuka, pua inafanya kazi, na kwa dakika nzima hakuna wa kuruka. Baada ya wiki kadhaa utamwona mlango ukigongwa anatazama chini badala ya juu. Watoto wamsalimie akishamaliza, miguu minne ikiwa chini. Ukipanda hata mmoja, mtoto anageuka na kumpa mgongo. Na wageni nao waambiwe, maana mgeni mmoja anayesema "mwache tu, mimi napenda mbwa" huharibu kazi ya wiki nzima.

Nitumie amri gani?

Yoyote, mradi nyumba nzima iwe na neno moja. Baba akisema "taratibu", mama "polepole" na watoto "wewe we!", mbwa atasikia kelele tu. Neno pia halina nguvu kabla ya tendo. Mfundishe hivi: weka kipande cha chakula ndani ya ngumi, mpe ainuse. Atalamba, atakwangua kwa meno ya mbele, atapiga kwa mguu. Ngumi isifunguke. Kuna wakati atarudisha kichwa nyuma kidogo, au atagusa kwa midomo mikavu tu. Hapo sema "taratibu" na ufungue kiganja. Akishaelewa, mtoto amlishe kwa kiganja kilichonyooka, vidole vimebanwa pamoja na kidole gumba kimelala, chakula kikiwa katikati. Mbwa huuma vidole vinavyoshika chakula kwa ncha, wala hana nia mbaya.

Wakati huohuo mfundishe "achia". Mpe kitu kizuri zaidi ya alicho nacho mdomoni, akiachia apate, kisha mrudishie na kile cha kwanza.

Michezo gani inafaa?

Ile inayotumia pua, akili na umbali. Mapambano ya mwili hayafai.

Kujificha ndio mchezo ninaoupendelea kuliko yote. Mtu mzima anamshika mbwa chumba kimoja, mtoto anajificha nyuma ya pazia au mlango, kisha anaita jina la mbwa mara moja. Akipatikana, mtoto anadondosha chakula chini miguuni pake, wala hampi mkononi. Mbwa anajifunza kuja kwa mtoto na kushusha kichwa, mtoto anajifunza kukaa kimya. Nyumba ndogo inatosha kabisa.

Kurusha na kuleta ni mzuri ukiwa na mipira miwili. Mtoto anarusha wa kwanza. Mbwa akirudi nao anaonyeshwa wa pili. Akiudondosha wa kwanza, wa pili unaruka. Hakuna mkono unaoingia mdomoni wala kugombania. Chagua mpira mkubwa. Mpira wa tenisi unaweza kumkaa mbwa mkubwa kooni na kumziba pumzi.

Kufundisha vijimbinu, kama kutoa mkono, kuzunguka, kulala chini, huwafurahisha watoto wa miaka saba kwenda juu kuliko watu wazima wanavyodhani. Kwa wadogo zaidi, mtoto na mtu mzima waseme amri pamoja, maana mbwa wengi huipuuza sauti ya mtoto mdogo.

Visivyofaa: mieleka, kumchokoza kwa mikono, kumpanda mgongoni (mgongo wa mbwa haukuumbwa kubeba mtu, hata mbwa awe mkubwa vipi), na mtoto kumkimbia ili afukuzwe. Hapa kikwazo mara nyingi ni mtu mzima mmoja wa nyumbani anayependa kupigana mieleka na mbwa sebuleni. Inafurahisha, najua. Lakini mbwa akizoea kwamba mtu aliyelala sakafuni ni wa kuparamiwa, hatauliza umri wake.

Na kuvutana kamba?

Kuvutana peke yake hakumfanyi mbwa kuwa mkali. Mtu mzima, au mtoto mkubwa anayeweza kusema "achia" na kusikilizwa, anaweza kucheza naye kwa kamba ndefu. Kwa mtoto wa miaka minne hapana, si kwa sababu ya tabia bali kwa sababu atavutwa aanguke kifudifudi.

Watoto wakikimbia anawafukuza na kuwauma visigino.

Mbwa wa jamii ya wachungaji, kama vile German Shepherd na Border Collie, hulifanya hili kwa asili. Kitu kinachokimbia kinapaswa kukusanywa. Usisubiri aanze ndipo umwite. Wakati wa watoto kukimbizana, mbwa awe kwenye kamba mbali kidogo, mahali ambapo anawaona bila kupagawa. Kila akikutazama wewe badala ya wao, mlipe. Sogea karibu kidogokidogo, siku baada ya siku. Na kuna siku ambazo jibu sahihi ni kumwingiza ndani tu na mfupa wake, watoto wakimbie watakavyo.

Watoto nao wafundishwe nini?

Nusu ya kazi iko kwao, na kwa maoni yangu ndiyo nusu inayopuuzwa zaidi. Jambo la kwanza ni kutomsumbua akila, akilala au akijitenga. La pili ni kutomkumbatia shingoni wala kumbusu usoni. Mbwa wengi huvumilia kukumbatiwa bila kukufurahia, na uvumilivu wao una mwisho. Wampapase begani au kifuani, wahesabu hadi tatu, kisha waondoe mkono. Mbwa akisogea karibu, anataka zaidi. Akibaki alipo au akigeuza uso, basi imetosha. Watoto huupenda mtihani huu kwa sababu wao ndio wanaosoma jibu.

Jambo la tatu ni kusimama kama mti: mbwa akizidisha, mtoto anasimama wima, mikono imefumbatwa mwilini, macho kwenye vidole vya miguu yake, kimya. Mti haukimbizwi. Fanyeni mazoezi bila mbwa kwanza, kwa kelele na kucheka, hadi miili yao ikumbuke, kwa sababu mtoto aliyeshtuka hatakumbuka maelezo.

Nitajuaje kwamba mbwa amechoka na mchezo?

Mkia peke yake usikudanganye. Mbwa aliyekereka naye hutikisa mkia. Mtazame mwili mzima. Mbwa anayecheza kwa raha amelegea, mdomo wazi, anajipindapinda, anainamisha kifua chini na kuacha makalio juu, na huacha kidogo kila baada ya muda halafu huanza tena.

Anayetaka kuondoka huonyesha mambo madogo kwanza: anapiga miayo bila usingizi, analamba pua, anageuza kichwa pembeni, anajikung'uta kama aliyelowa ilhali ni mkavu. Kisha anafunga mdomo. Tazama sana hapo. Mbwa aliyekuwa akihema, mtoto akamwegemea, mdomo ukafungwa ghafla na mwili ukakakamaa, macho yakamtazama mtoto kwa pembeni hadi weupe ukaonekana: mwondoe mtoto sasa hivi, kwa sauti ya kawaida. Usimvute mbwa kwa mkanda wa shingoni. Picha nyingi zinazosifiwa kuwa "za kupendeza", mtoto akiwa amemlalia mbwa, ukizitazama vizuri mbwa yuko katika hali hii.

Amemngurumia mtoto. Nimwadhibu?

Hapana. Kunguruma ni onyo, na onyo ni msaada kwako. Mbwa anayepigwa kila akinguruma huacha kunguruma. Kilichomkera kinabaki palepale, na siku nyingine anauma bila taarifa. Watenganishe, kisha jiulize: mtoto alikuwa wapi, mkono wake ulikuwa wapi, kulikuwa na chakula? Ukipata sababu, badilisha mazingira. Usipoipata, soma jibu la mwisho.

Kuanzia umri gani naweza kuwaacha peke yao?

Watoto wadogo na mbwa, hasa mbwa mkubwa, wasiachwe peke yao hata dakika moja. Watoto wengi wanaoumwa huumwa na mbwa wanayemfahamu, na wadogo huumwa zaidi usoni na kichwani kwa sababu ya kimo chao. Kusimamia pia si kuwa chumba kimoja huku umeinamia simu. Ukitaka kupika au kupumzika, weka geti kati yao. Kwa watoto wakubwa utajipimia mwenyewe: je, mtoto huyu huacha mara mbwa anapoonyesha kwamba imetosha?

Wakati wa kula je?

Mbwa ale mahali pake, mlango umefungwa, watoto wasipite. Achana na desturi ya kutia mkono bakulini ili "azoee". Unachomzoesha ni kushuku kila anayekaribia chakula chake.

Kumfunga mnyororo watoto wanapokuja si rahisi zaidi?

Ni rahisi leo. Mbwa anayefungwa kila watoto wanapofika huwaona bila kuwafikia, hujaa hamu na hasira, na siku akifunguka huja kwa kishindo. Mpe chumba au kona yenye kitanda chake na kitu cha kutafuna, mahali ambapo watoto hawaruhusiwi kuingia.

Nimemchukua akiwa tayari mbwa mzima. Nimechelewa?

Samaki mkunje angali mbichi, ndiyo, na kipindi bora cha kumzoesha mtoto wa mbwa watu na kelele ni kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi. Ila mbwa mzima hajakauka. Mara nyingi hutulia upesi kuliko kijana wa mwaka mmoja. Mpe wiki kadhaa za kuizoea nyumba kabla ya kudai chochote, na usiamini neno "anapenda watoto" hadi umwone mwenyewe akiwa nao, kamba mkononi.

Aina fulani si ndizo salama kwa watoto?

Aina hukwambia mengi kuhusu ukubwa, nguvu na kazi aliyozalishiwa. Kuhusu mbwa huyu mmoja mbele yako hukwambia kidogo. Golden Retriever asiyefundishwa humwangusha mtoto kila siku.

Amemkwaruza au kumuuma mtoto katika mchezo. Nifanye nini?

Osha jeraha mara moja kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15, hata kama ni mchubuko mdogo, kisha mpeleke mtoto kituo cha afya. Mweleze mhudumu kama mbwa amechanjwa na lini, yeye ndiye aamue. Kichaa cha mbwa dalili zikishaanza huua karibu kila mara, lakini kinazuilika jeraha likioshwa na chanjo ikitolewa mapema. Chanjo ya mbwa iwe ya wakati hata kama hatoki nje ya uzio, na watoto wanawe mikono baada ya kucheza naye kwa sababu ya minyoo.

Ni lini nitafute msaada wa mtaalamu?

Akikakamaa na kukodoa macho watoto wakikaribia, akinguruma mara kwa mara, akiuma na kuacha jeraha, au tabia ikibadilika ghafla. Hilo la ghafla lianzie kwa daktari wa mifugo. Sikio lenye uchungu, jino bovu au nyonga inayouma, ambayo ni ya kawaida kwa mbwa wakubwa, humfanya mbwa mpole kabisa amkaripie mtoto aliyemgusa hapo.

Akionekana mzima, tafuta mkufunzi anayefundisha kwa kulipa tabia njema. Anayekwambia umlaze mbwa chali ili ajue nani bwana, au anayekuja na mkanda wa miiba, mshukuru na umuage. Kabla ya kulipa, omba kutazama somo lake moja na mbwa wa mtu mwingine. Usimtazame mkufunzi, mtazame mbwa: anamfuata kwa hamu, au anajikunyata kila mkono unapoinuka?